Mkono wa Chui, na Kucha au Bila Kucha

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kitambaa!

Kitambaa cha nani?

— Cha asiye na mkasi!

Basi asiye na mkasi na akae kitako, afunike magoti, asikilize. Na wewe Mwanamkasi, mwondolee mwenzio kiwiko ubavuni. Kiwiko tutakihitaji mbele.

Zamani, kabla hamjazaliwa ninyi, kabla sijazaliwa mimi, wanyama walikuwa wakivaa nguo. Msiniulize walizitoa wapi. Aliyenisimulia ngano hii ni shangazi yangu, Bi. Mwanakombo, na yeye ukimwuliza sana alikuwa anasinzia.

Palikuwa na Sange. Sange mnamjua? Yule wa vichakani, mdogo kama panya buku, miguu kama njiti, na pua. Pua hiyo! Ndefu, inakwenda huku, inakwenda kule, kama mkonga wa tembo uliosahau kukua. Basi huyo Sange ndiye alikuwa fundi wa mifarishi. Viraka juu, viraka chini, sufi katikati, halafu sindano inapita, tii, tii, tii, mpaka sufi ikae mahali pake isihame.

Kikaja kipupwe. Mwaka huo kipupwe kilikuja na meno. Watoto wa Sange usiku kucha, ka-ka-ka-ka-ka. Watoto wa Nungu, ka-ka-ka-ka-ka. Watoto wa Swala, wale wenye magoti marefu, kwao ilikuwa kakaraka, kakaraka, maana meno yaligongana na magoti nayo yaligongana.

Sange akasema, "Jamani, kila mwenye nguo kuukuu ailete. Nitashona mfarishi mmoja mkubwa, watoto wote walale chini yake."

Wakaleta. Punda Milia akaleta ya mistari. Swala akaleta ya rangi ya udongo. Bi. Nungu akasema, "Mimi nguo zangu zote zina matundu, mwaniona nilivyo. Lakini sindano ninazo," akang'oa mwiba mgongoni, pu! akampa fundi. Mzee Kobe akaja wa mwisho, mikono mitupu.

"Mzee, umeleta nini?"

"Mimi sina nguo, nina nyumba. Nimeleta macho. Kazi kubwa haikosi shahidi."

Vitambaa vikawa rundo. Watoto wakaanza kucheka, meno yakiwa bado yanagongana.

Mara nyasi zikasema, shwa. Zikanyamaza. Shwa tena.

Chui huyo!

Sasa Chui, ninyi semeni wenyewe, ana haja gani na mfarishi? Manyoya anayo, mazito, yamempendeza. Lakini mlafi haulizi kama ana baridi. Mlafi anauliza kama kuna kingine.

"Nini hivi?" akanguruma.

"Vitambaa, bwana mkubwa," akasema Sange.

"Vya nani?"

"Vya watoto."

"Vilikuwa vya watoto. Sasa vya nani?"

Pua ya Sange ikaenda huku, ikaenda kule. "Sasa… vyako, bwana mkubwa."

"Na mfarishi?"

"Wako, bwana mkubwa."

"Haya, we kapua, sikiliza. Mfarishi wangu unifunike kichwa, unifunike mkia, na ubaki wa kukunjia miguu. Ukipungua, watoto wako nitawafanya sufi."

Watoto wakaacha kucheka. Hata meno yakaacha kugongana.

Sange akasema, taratibu, kama mtu anayetafuta tundu la sindano, "Nitashona, bwana mkubwa. Na ada yangu je?"

"Ada gani?"

"Ada ya fundi. Kinachoanguka chini wakati wa kukata."

Chui akamgeukia Mzee Kobe. "Eti kuna ada hiyo?"

"Ipo," akasema Kobe. "Tangu babu zetu. Kinachoanguka chini ya mkasi ni cha fundi. Hata mfalme hainami kukiokota."

Ndivyo ilivyo hata leo. Peleka kitambaa kwa fundi, nguo utapewa, vipande husemi. Ukisema, mshono wako utapinda.

Chui akacheka, hoo, hoo, hoo. "Aa! Sasa nimewajua mafundi! Mnapima ovyo makusudi, mnakata kwa mapana, vipande vianguke vingi mkashonee ndugu zenu. Kwangu hupati! Nitapima mwenyewe. Nitakata mwenyewe. Wewe utapitisha sindano tu."

"Na kikianguka kipande?"

"Chukua! Kwangu hakitaanguka hata uzi."

"Mzee Kobe umesikia?"

"Nimesikia."

"Bi. Nungu umesikia?"

"Nimesikia, na miiba imesimama."

Basi watoto, shikeni hilo. Nikiwauliza kinachoanguka ni cha nani, mtajibu nini?

— Cha fundi!

Vizuri. Sasa kiwiko. Zamani hatukuwa na futi kamba. Kitambaa kilipimwa kwa mkono: kiwiko hapa, ncha ya kidole pale, huo mkono mmoja. Sasa mkono wa nani? Ndiyo maana dukani hakutumwa mtu mwenye mikono mifupi. Kwetu alitumwa huyohuyo shangazi Mwanakombo, akisimama mikono yake inafika magotini. Mwenye duka akimwona anakuja, anaanza kufunga mlango. "Duka limefungwa, Bi. Mwanakombo!" "Mbona nakuona?" "Unamwona mdogo wangu!"

Basi Chui naye akasema, "Viraka vyote viwe sawasawa, mkono kwa mkono. Na mkono ni wangu!"

"Wako, bwana mkubwa," akasema Sange. "Nani mwingine ana mkono?"

Chui akatandaza kitambaa cha Punda Milia. Akaweka kiwiko. Sange akasogea, akauangalia ule mkono, akatikisa kichwa kwa mapenzi.

"Ewe bwana mkubwa! Mkono huo ni mkono au mto wa kulalia? Ulaini huo! Mama yako alikukanda kwa mafuta gani?"

Chui akalegea. Mnajua paka akikunwa anavyofanya? Macho yakafumba nusu, krrr, krrr, na zile kucha zikaingia ndani, nyweee, hata moja isionekane. Akapima. Kiwiko hapa, ncha ya kidole pale.

"Nikupe mkasi, bwana?"

"Mkasi wa nini? Mkasi ninao!" Kucha zikatoka, chwa! Akakata, shwaaa.

Huo ni urefu. Sasa akageuza apime upana. Sange akasema chini chini, kama hataki kusikika, "Ingawa Fisi juzi alikuwa anasema mkono wako mfupi…"

"Nani? Fisi?" Kucha zikazidi kutoka, chwa, chwa! Akapima hivyohivyo, kucha nje, akakata, shwaaa.

Sange akakiinua kiraka. Akakitazama. Akakigeuza. Akakitazama.

"Bwana mkubwa, huku mkono mmoja, na huku mkono mmoja. Mbona kimerefuka kama ulimi wa kinyonga?"

Chui akatazama. Kweli, kimerefuka.

"Ulipima na kucha au bila kucha?"

"Eh?"

"Mkono wako, bwana mkubwa. Na kucha, au bila kucha?"

Chui akautazama mkono wake. Tangu azaliwe hajaulizwa. "Bila," akasema. Akafikiri. "Na." Akafikiri tena. "Huku bila, kule na."

"Basi kule kumezidi."

"Nitapunguza!" Shwaaa. Kipande kikaanguka, pwa!

Kinachoanguka?

— Cha fundi!

Pua ya Sange ikapita chini, sss, kipande hakipo.

Akakata kiraka cha pili. Hiki alikipima akiwa bado anamwaza Fisi, kucha nje pande zote. Wakavilaza ubavu kwa ubavu. Cha kwanza kidogo, cha pili kikubwa.

"Hiki kimekua!" akasema Chui.

"Labda kimekula," akasema Sange.

Akakipunguza kile kikubwa, lakini hapo Sange alikuwa ameanza tena, "Bega hilo! Shingo hiyo!" Kucha zikaingia, nyweee, kupima kukawa kufupi, shwaaa, sasa cha pili kikawa kidogo kuliko cha kwanza. Ikabidi apunguze cha kwanza. Pwa. Alipokipunguza cha kwanza, Bi. Nungu kwa bahati mbaya akapiga chafya, Chui akashtuka, chwa! kikawa upande mmoja kirefu. Ikabidi apunguze tena. Pwa.

Mnafuata? Mimi mwenyewe hapa huwa napotea. Shangazi alikuwa akifika hapa anachukua leso yake anaikunja kutuonyesha, halafu haikunjuki.

Mzee Kobe hakuvumilia. Akatoa shingo yote. "Lakini bwana mkubwa, si uchukue kiraka kimoja, ukiweke juu ya kitambaa, uwe unafuata kingo zake? Hichohicho kimoja kwa vyote…"

Sange akaruka! Pua ikasimama kama mwiba wa Bi. Nungu. Akawahi, "Mzee Kobe! Bwana mkubwa ana mkono wake mwenyewe, aazime mkono wa kitambaa?"

Chui akanguruma, "Nyamaza wewe mzee wa kubeba nyumba! Nani fundi hapa?"

"Ni Sange," akasema Kobe.

"Nani anapima?"

"Ni wewe."

"Basi rudi ndani ufunge mlango!"

Kobe akarudisha shingo. Kutoka ndani kukasikika, "Mimi nilisema tu."

Basi wakaendelea. Sange akisifu, kucha ndani, nyweee. Sange akimtaja Fisi, kucha nje, chwa! Mkono ukifupika, mkono ukirefuka. Kiraka kikizidi, kipande kikaanguka, pwa! Kiraka kikipungua, kwa sababu hicho kimepungua wenzake wote wakawa wamezidi, vipande vikaanguka, pwa, pwa, pwa!

Vinavyoanguka?

— Vya fundi!

Na nyuma ya kichuguu, fundi anafanya nini? Amevunja kijiti kimoja, kifupi, urefu wa kutoka pua yake mpaka mkia wake. Kipande kikija, kijiti juu yake, alama ya mkaa, meno, kete kete kete. Kipande kingine, kijiti kilekile, mkaa, kete kete kete. Na kila upande anaacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Akimaliza anarudi mbele, "Bwana mkubwa, kifua hicho!"

Jua likapinda. Chui anatoka jasho. Viraka vimepungua mpaka sasa vinatoshana, vyote sawasawa, ukubwa wa jani la mhogo.

"Haya! Shona!"

Sange akashona. Tii, tii, tii. Chui akachuchumaa kumchunga. Alipotazama, viraka vikawa vidogo zaidi.

"Mbona vinapungua na sijakata?"

"Mshono nao unakula, bwana mkubwa. Huku kidole, na huku kidole."

"Mshono? Yuko wapi huyo Mshono anayekula changu?" Akaruka huku na kule, akapiga kichaka, akapiga kichuguu, watoto wakajikunyata. "Atoke! Mshono! Toka!"

Mzee Kobe akatoa kichwa. "Bwana mkubwa, mshono si mtu."

"Si mtu na anakula?"

Kobe akakunja shingo. Akarudi ndani.

Mfarishi ukamalizika. Sange akautia sufi, kiganja kimoja kikatosha. Akaung'ata uzi, ke. Akaukung'uta. Akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu.

Chui akalala chini, akajifunika.

Ukafunika pua.

Akauvuta juu. Ukafunika jicho, pua ikawa nje. Akauvuta pembeni. Ukafunika sikio, jicho likawa nje. Akaupeleka mkiani, ukafunika ncha yake tu.

Hata ndege walikaa wakasubiri.

"Mbona umepungua?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na sauti ya Chui ikiwa ndogo ndiyo mbaya. "Nilisema ukipungua watoto wako ni sufi."

Watoto wa Sange wakaingia chini ya tumbo la mama yao, na mama mwenyewe mnamjua udogo wake. Miguu ikabaki nje.

Sange akasema, "Nani alipima, bwana mkubwa?"

"Mimi."

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Sindano imekosea?"

Chui akatazama mishono. Tii, tii, tii, imenyooka. Basi macho yakaenda pembeni, yakaona nyuma ya kichuguu. Rundo! Rundo la vipande limefika kimo cha Swala.

"Aha! Changu kile!"

"Kilianguka," sauti ikatoka ndani ya nyumba ya Kobe.

"Changu!" Akapiga hatua, na kila mtu akarudi nyuma.

Hapo Sange akaona vyote vinakwenda, vipande, mfarishi, watoto. Akajitupa mbele ya rundo, pua juu. "Chukua, bwana mkubwa! Wewe ulisema viraka vyako ni mkono kwa mkono. Basi kila kilichotimia mkono wako, ni chako, chukua. Kisichotimia, kiliangushwa na mkono wako mwenyewe, ni changu. Pima! Tuone wote."

"Haki," akasema Bi. Nungu, miiba imesimama.

"Haki," wakasema Swala na Punda Milia, nyuma ya Bi. Nungu.

Chui akaona rahisi. Akavuta kipande, akaweka kiwiko. Kucha nje, chwa! Kipande hakifiki.

"Na kucha hiyo!" wakapiga kelele kina Swala. "Jaribu bila kucha!"

Akazirudisha. Nyweee. Bado kidogo tu kifike. Akakasirika, kucha zikatoka zenyewe, chwa! kikawa mbali tena. Akavuta kingine. Nyweee, karibu. Chwa, mbali.

"Na kucha!" akasema Punda Milia.

"Bila kucha!" akasema Swala.

"Ya kulia au ya kushoto?" akauliza Kobe, ambaye sasa hata yeye alikuwa hajui anauliza nini.

"Kitambaa kinakimbia!" akalia Chui. "Kinakuja, kinakwenda! Nani anakivuta?"

"Kitambaa kimelala, bwana mkubwa," akasema Sange. "Tazama vizuri. Kinachokuja na kwenda ni mkono."

Chui akautazama mkono wake. Mrefu. Mfupi. Mrefu. Mfupi.

"Huo ndio umekupunja tangu asubuhi," akasema Sange kwa huruma. "Ukipima unasema hivi, ukikata unasema vile. Mimi ningekuwa wewe ningeuuliza vitambaa vyangu umeviweka wapi."

"Viko wapi?" Chui akauuliza mkono.

Mkono kimya.

"Nakuuliza, viko wapi?"

Mkono, chwa! Ukatoa kucha.

"Unanitolea kucha mimi? Mimi niliyekulisha?" Akaung'ata, ng'aa! Akalia, waaa! Akauachia, akaung'ata tena kwa sababu umemuumiza. Ng'aa! Waaa! Akatoka mbio, miguu mitatu chini, mmoja mdomoni, na kile kimfarishi kimenasa puani, akapita kijito bila kukiona, mpaka sauti ikapotelea ng'ambo: "Viko wapiii…"

Sange alikaa chini. Halafu akasema, "Bi. Nungu, sindano nyingine, tafadhali. Hii imechoka."

Siku hiyohiyo wakashona wote. Viraka vile vya kijiti kimoja vikakaa ukingo kwa ukingo, kona kwa kona, hakuna kilichovimba, hakuna kilichovutwa. Mistari, udongo, mistari, udongo. Sufi ikajazwa. Ulipotandazwa ulifunika watoto wa Sange, wa Nungu na wa Swala, magoti na yote, ukabaki pembe. Mzee Kobe akasogea polepole, akaingiza nyumba yake chini ya ile pembe.

"Mzee, wewe si una nyumba?"

"Nyumba nayo ina baridi."

Wakalala. Na Chui? Mtazameni Chui hata leo, akikaa peke yake anafanya nini. Analamba mkono. Analamba, analamba. Anauomba radhi, maana hana mwingine.

Haya, sasa funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu watasema nawapotezea muda. Funzo ni hili: ukitaka kushona mfarishi, kata kwanza, upime baadaye. Pima ukiwa na hasira. Na akitokea mzee kukwambia utumie kipimo kimoja kwa vyote, mwambie arudi ndani afunge mlango.

Nini, Mwanamkasi? Sange alitumia kijiti kimoja? Aa, Sange huyo hajui lolote, pua tu. Wewe fanya kama Chui. Kata ovyo, mjukuu wangu, kata ovyo kabisa. Wewe utapata wa kufunika pua, na mtoto wa mwenzio atapata wa kufunika miguu.

Ngano yangu imefika kwenye pindo. Mwenye meno aung'ate uzi!

— Ke!

Kilichoanguka?

— Cha fundi!

Haya, lete hiyo pembe ya blanketi huku. Nyumba hii nayo ina baridi.